Tunakumbuka Bandeji, Tunasahau Edinburgh

Julai 1970, mjini Edinburgh, Scotland, Mtanzania mmoja alimaliza marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola akiwa wa tano. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mshindi wa siku hiyo, Mwingereza Ron Hill, alitumia 2:09:28, muda ambao enzi zile ni wachache sana duniani waliowahi kuukaribia. Kwa hiyo huyo wa tano hakwenda kusindikiza wenzake. Lakini muulize Mtanzania yeyote kijiweni ni nani aliyekuwa wa tano Edinburgh, atakutazama tu. Mwambie ni John Stephen Akhwari wa Mbulu, hapo atachangamka: “Aah, yule wa Mexico!”

Huyo wa Mexico tunamjua sote. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, mji ulio mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, Akhwari alikumbana na wenzake wakigombea nafasi karibu na kilomita ya 19, akaanguka. Goti likateguka, bega likapiga lami. Akafungwa bandeji, akainuka, akaendelea. Walioanza walikuwa 75, na 18 kati yao hawakufika. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, jua limeshatua na watazamaji wengi wameshaondoka, akichechemea, bandeji imemlegea mguuni, akavuka mstari kwa 3:25:27. Alikuwa wa 57, wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko aje kuanza mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo limezunguka dunia nzima, likaingia kwenye filamu, hotuba na kuta za ofisi za watu wasioweza kuionyesha Mbulu kwenye ramani.

Kati ya Mexico na Edinburgh ipo miezi 21. Ukitoa muda wa pili katika ule wa kwanza unabaki na saa moja na dakika kumi. Najua hesabu hiyo si ya haki, maana mbio moja alikimbia na goti bovu na nyingine na goti zima. Hata hivyo ndiyo sehemu ya habari inayonivutia zaidi. Mtu aliyeumia mbele ya dunia alirudi kwenye umbali uleule, kilomita 42 na ushei, akazikimbia kama fundi anayeijua kazi yake. Sehemu hiyo hatuisimulii. Bandeji hupendeza kwenye picha, na mazoezi ya alfajiri kwenye vilima vya Mbulu hayakuwa na mpigapicha.

Nayaleta haya kwa sababu siku hizi tumezungukwa na watu wanaotuhimiza kukumbuka maumivu. Mhamasishaji amesimama jukwaani, kipaza sauti mkononi, ukumbi umejaa vijana waliolipa kiingilio: kumbuka ulivyolala njaa, kumbuka walivyokucheka, kumbuka alivyokuacha, hayo ndiyo yatakayokusukuma. Ukumbi unalipuka kwa makofi. Sisemi anadanganya, ila anasimulia Mexico bila Edinburgh. Anatupa kidonda na matokeo, halafu anaruka kilichotokea katikati, na huko katikati ndiko kazi yote ilikofanyika.

Wahenga, kwa bahati nzuri, hawakuwa na ukumbi wa kujaza. Walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyo naye amekumbuka maumivu yake, tena vizuri kuliko mtu yeyote. Kumbukumbu hiyo haikumfanya mwindaji wa nyoka, imemfanya aogope jani. Wengi wetu tunaishi hivyo bila kujua. Yupo aliyetapeliwa na mshirika mmoja, leo hafanyi biashara na mtu hata wa tumbo moja. Yupo aliyezomewa siku aliyojibu swali darasani, na hadi leo, mtu mzima mwenye wajukuu, haongei kwenye kikao cha ukoo. Hawajasahau kitu. Kama kukumbuka peke yake kungetosha kumkuza mtu, hawa wangekuwa majitu.

Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Charlotte, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha dodoso la maswali 21 la kupima mabadiliko mazuri ambayo watu huyaona ndani yao baada ya msiba mkubwa, ajali au ugonjwa: ukaribu na watu, kujiona imara, imani, kuthamini uhai, kuona njia mpya. Walichogundua katika miaka iliyofuata kinatuhusu hapa. Kuna kukumbuka kunakokuvamia, usiku umelala au mchana unaosha vyombo, bila ruhusa yako. Na kuna kukumbuka unakokaa chini kukufanya, umekusudia, unalitazama jambo na kujiuliza limekuwaje. La kwanza huchosha tu. La pili ndilo linalokwenda pamoja na kukua, japo mara nyingi la kwanza hulitangulia, kama homa inavyotangulia kabla mgonjwa hajapata nafuu.

Lakini tusiwahi kushangilia. Mwaka 2009 Patricia Frazier na wenzake walifanya jambo ambalo watafiti wengi waliotangulia hawakulifanya: waliwapima wanafunzi wa chuo kabla hawajapatwa na misukosuko, kisha wakawapima tena baadaye. Waliojisikia kuwa wamekua sana baada ya mateso, kwa sehemu kubwa, hawakuwa wamebadilika sana kwenye vipimo. Binadamu hupenda kuamini kwamba aliyoyapitia yalikuwa na faida. Ni imani inayofariji, na simlaumu mtu kwa kuishika, ila kuamini kwamba umekua na kukua kwenyewe ni mambo mawili. Akhwari hakuhitaji dodoso. Alikuwa na saa.

Saa ndiyo neema ya wanariadha, na ndiyo sababu makala haya yamewang'ang'ania. Mchukue Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alishinda ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele, watu wawili ambao ukiwataja pamoja kwenye mbio moja mashabiki wa riadha hushika vichwa. Akapata shaba Olimpiki ya Athens 2004, fedha Beijing 2008. Ikaja 2012, mchujo wa kwenda London. Kwenye mita 10,000 akakosa nafasi. Kwenye mita 5,000 akakosa nafasi. Kenya ni nchi inayoweza kuwaacha nyumbani mabingwa wa dunia na bado ikarudi na medali, na mwaka huo mmoja wa walioachwa alikuwa yeye, akikaribia miaka 28, umri ambao kwa mbio za uwanjani watu huanza kukuulizia mipango ya kustaafu.

Angeweza kuibeba London kwa namna nyingi: kwamba alionewa, kwamba amezeeka, kwamba atawakomesha. Tunachoweza kukiona sisi wa nje ni alichofanya. Septemba mwaka uleule alikuwa Lille, Ufaransa, akikimbia nusu marathoni kwa mara ya kwanza, 59:25. Aprili 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda kwa 2:05:30. Swali la 2012 lilikuwa finyu na lilikuwa na jibu: kwenye mizunguko ya mwisho ya uwanjani, wenye kasi kumzidi wameshafika. Basi atafute umbali ambao kasi ya mita 400 za mwisho haiamui kila kitu. Yaliyofuata yanajulikana, dhahabu ya Rio 2016 na ya Tokyo iliyokimbiwa Sapporo 2021, 2:01:09 ya Berlin 2022, na ile 1:59:40 ya Vienna ya Oktoba 2019 ambayo haikuhesabiwa kuwa rekodi lakini iliwafanya watu wa Eldoret wasimamishe magari barabarani.

Kipchoge ana tabia moja ambayo waliomtembelea kambini Kaptagat hawakosi kuitaja: ana madaftari. Mazoezi yote aliyoyafanya ameyaandika, mwaka baada ya mwaka, chini ya kocha wake Patrick Sang, naye mshindi wa fedha ya Olimpiki ya kuruka viunzi na maji mwaka 1992. Umbali, muda, viatu, mwili ulivyojisikia. Si shajara ya machozi. Mtu wa namna hii akishindwa, haulizi moyo wake kilichotokea, maana moyo una maneno mengi, anafungua daftari.

Kuandika kumepimwa pia maabara. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, wakiwa Dallas, Texas, waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Baadhi yao waliandika kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, wengine kuhusu mambo ya kawaida tu. Walioandika machungu yao, yaliyotokea pamoja na walivyojisikia, walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata na kwa wastani faida yake ni ndogo, si muujiza. Kinachonigusa ni alichokiona Pennebaker baadaye alipohesabu maneno kwenye maandishi yale. Walionufaika walikuwa wale ambao siku zilivyosonga waliongeza maneno ya kueleza sababu na kuelewa: kwa kuwa, ndiyo maana, sasa naona. Walioanza na kisa kilichokamilika na kukikariri vilevile siku zote nne hawakupata kitu cha maana. Ndugu msomaji, sote tuna shangazi au mjomba mwenye kisa kimoja cha dhuluma ya mwaka 1987 ambacho hakijabadilika hata koma. Tunampenda na tunamsikiliza. Kisa hicho hakijampeleka popote.

Mfano wa karibu zaidi na wengi wetu hauko uwanjani. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini Tanzania walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ilishtuka. Serikali ikaunda tume, matokeo yakachakatwa upya, bungeni kukawa hakukaliki. Kwa vijana wenyewe neno lilikuwa moja: ziro. Leo wana miaka thelathini na kidogo. Wapo waliorisiti kama watahiniwa wa kujitegemea na kuendelea, wapo walioingia ufundi wakatulia, wapo ambao hadi leo mazungumzo yakifika kwenye shule hutoka nje kwenda kupokea simu ambayo haikuita.

Anayesema “mimi nilipata ziro” amebeba kumbukumbu kubwa isiyo na mpini, huwezi kuishika popote. Anayesema “sikuwa na mwalimu wa Hisabati tangu kidato cha pili, na Kiingereza cha maswali kilinishinda” amebeba maumivu yaleyale, tena pengine makali zaidi kwa kuwa sasa yana anwani. Lakini huyu wa pili anajua Jumatatu aanze na kitabu gani. Walimu wa vituo vya kurisiti, wanaofundisha jioni kwenye madarasa ya kukodi, wanalijua hili kuliko wahamasishaji wote. Mwanafunzi mpya akifika hawamwambii akumbuke aibu. Wanamwomba karatasi ya matokeo, wanapitisha kidole somo kwa somo. Aibu anaijua, hakuna haja ya kumkumbusha. Majirani wameshamsaidia kwa hilo.

Hapa nataka kutulia kidogo kwa Henry Wanyoike, maana kisa chake kinakataa kuingia kwenye nadharia yangu kirahisi. Alizaliwa Kikuyu, Kenya, mwaka 1974. Alikuwa mkimbiaji mzuri na alijipatia riziki kwa kutengeneza viatu. Mwaka 1995, hajatimiza miaka 21, alilala akiwa mzima, akaamka haoni. Kiharusi kilikuwa kimechukua karibu uoni wake wote usiku mmoja. Alidhani bado ni usiku.

Maumivu ya namna hiyo yana swali gani lenye jibu? Hakuna mazoezi ambayo angeyafanya vizuri zaidi, hakuna mshindani aliyemzidi mbinu. Miaka iliyofuata alikata tamaa kwa namna ambayo yeye mwenyewe ameieleza hadharani mara nyingi. Kilichomtoa hakikuwa kukumbuka wala kusahau. Walikuwa watu: wahudumu wa kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu waliokataa kumwacha, na chuo cha mafunzo kwa wasioona cha Machakos, alikojifunza upya kutembea, kusoma kwa vidole na kufanya kazi ya mikono. Huko ndiko alikojua kwamba wasioona hukimbia, kamba fupi ikiwaunganisha na mwongozaji mkono kwa mkono.

Mwaka 2000 akaenda Sydney kwenye Paralimpiki, mita 5,000. Mwongozaji wake alikuwa ameugua malaria. Wanyoike alikuwa na kasi ambayo hata mwongozaji mwenye afya angeisikia mapajani. Wakawa mbele kwa mbali, na mizunguko ya mwisho mwongozaji akaanza kuishiwa nguvu, akayumba, akaanguka. Kwenye mbio hizo kipofu hawezi kumwacha mwongozaji na kwenda zake. Bila yeye hakuna matokeo. Wanyoike, asiyeona, akamshika anayeona, akamkokota, huku uwanja mzima ukipiga kelele kumwelekeza mstari uliko. Wakavuka. Dhahabu.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa mateso, na ni kweli kinatoa machozi. Mimi naona jambo jingine. Mtu aliyejifunza, kwa miaka migumu, kuongozwa na wengine, ndiye aliyejua la kufanya mwenzake alipoishiwa. Ukali wa mwaka 1995 si uliomkimbiza Sydney. Kilichokuwa mkononi mwake ni mazoea ya kutegemeana, ambayo mkimbiaji mwenye macho mazima huenda asingeyapata. Baadaye akaanza kuongozwa na rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja, na Athens 2004 wakashinda dhahabu za mita 5,000 na 10,000. Wanyoike amekuwa akitumia jina lake kuchangisha fedha za matibabu ya macho na kuwasaidia wenye ulemavu. Maumivu yake yalipata kazi, lakini hayakuipata yakiwa peke yake chumbani.

Kwa maumivu yasiyo na saa, basi, kukumbuka kunahitaji watu na kunahitaji wakati. Jamii zetu zililijua hilo bila dodoso. Mtu akifa, pwani watu hukaa matanga, husomwa hitma, huja arobaini; bara kuna siku ya kuanua tanga, watu wakanyolewa, madeni ya marehemu yakatajwa na anayedai akajitokeza. Mfiwa hahimizwi siku ya pili asubuhi ajiulize msiba umemfunza nini. Anapikiwa, anaketi na wenziwe, analia akitaka, na kuna tarehe inayojulikana ambayo watu watarudi kumkumbuka marehemu pamoja naye. Siku hiyo ikipita, anatarajiwa kurudi shambani au dukani. Si kwamba amesahau. Kukumbuka kumewekewa siku yake.

Wataalamu walilijifunza hili kwa gharama. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea desturi ya kuwakusanya manusura wa ajali na majanga siku chache tu baada ya tukio na kuwasimulisha yote waliyoyaona, kwa kikao kimoja, ili wasije wakaugua akilini baadaye. Nia ilikuwa njema. Mwaka 1997 Jonathan Bisson na wenzake huko Wales walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa majeraha ya moto: miezi 13 baadaye, waliopewa kikao hicho walikuwa na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe kwa asilimia 26, ambao hawakupewa asilimia 9. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofuata hayakuona faida ya kikao cha namna hiyo. Ukimlazimisha mtu kufungua kidonda kabla hakijaanza kufunga, unaweza kumzuia asipone. Kwa hiyo yule anayemwambia mjane wa wiki mbili “itumie hasira hii ikupeleke mbele” afadhali angebeba sufuria la wali akae kimya.

Kuna maumivu mengine ya ajabu, yasiyo na adui. Mkimbiaji wa Tanzania Filbert Bayi aliyapata. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa 3:32.2, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1967, tena akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo wajuzi walidhani ni wazimu. Nyuma yake John Walker wa New Zealand naye aliivunja rekodi ileile ya zamani. Muda ule wa Bayi ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikoukimbia, hadi 2022. Dunia ikaanza kusubiri Olimpiki ya Montreal 1976, Bayi na Walker. Haikutokea. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand haikufukuzwa Olimpiki, na zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusa. Walker akashinda dhahabu kwa muda wa 3:39.17, taratibu mno kwa watu wa kiwango chao.

Ungemlaumu nani? Kususa kulikuwa haki. Watanzania wengi hadi leo, nikiwamo mimi, wanaona nchi ilifanya sawa. Bayi alinyang'anywa siku kubwa ya maisha yake kwa ajili ya jambo ambalo hata yeye asingeweza kulipinga hadharani bila kuonekana msaliti. Mhamasishaji angeshindwa hapo, maana hakuna wa kuonyeshwa kwamba alikosea. Bayi akageukia mbio nyingine. Moscow 1980 aliingia kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa mtindo wake uleule wa kuondoka mapema, Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho, na Bayi akapata fedha kwa 8:12.5. Suleiman Nyambui alipata fedha nyingine kwenye mita 5,000. Baada ya kustaafu Bayi alifungua shule Kimara, Dar es Salaam, na Mkuza, Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Hizo fedha mbili za Moscow ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata, hadi Paris 2024. Kila baada ya miaka minne tunazitoa kabatini, tunaomboleza wiki mbili, redio zinapiga simu kwa wachezaji wa zamani, kisha tunazirudisha. Kama taifa sisi ndio yule mjomba wa 1987: kisa hakibadiliki hata koma. Kuuliza wangapi leo wanajua kuruka kiunzi cha maji, kwenye shule zipi, chini ya walimu gani, ni kuchosha na hakuna makofi.

Alphonce Simbu wa Singida aliuliza maswali ya aina hiyo kwa miguu. Rio 2016, marathoni ileile aliyoshinda Kipchoge, alikuwa wa tano. Sapporo 2021, wa saba. Paris, Agosti 2024, wa 17. Ukizipanga hivyo, tano, saba, kumi na saba, unaona mtu anayeshuka ngazi, na wengi walisema hivyo bila kuficha. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Tarehe 15 Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia jijini Tokyo, aliingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, wakalazimika kutazama picha ya mstari wa mwisho. Simbu alikuwa ametangulia kwa sekunde 0.03, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha.